Maonyo ya kustaafishwa katika Python: Maana, historia na gharama ya kuyapuuza

MNAMO Oktoba 7, 2024, toleo la 3.13 la lugha ya kompyuta ya Python lilitolewa bila moduli 19 zilizokuwamo katika toleo lililolitangulia.

Programu yoyote iliyotegemea mojawapo ya moduli hizo, kisha ikahamishiwa toleo jipya bila kurekebishwa, ilikwama pale ilipoagiza kitu kisichokuwapo tena.

Hata hivyo, moduli hizo hazikuondoka ghafla. Zilitangazwa kuwa za kustaafishwa katika toleo la 3.11, lililotolewa Oktoba 2022, na kwa muda wa miaka miwili lugha yenyewe ilikuwa na onyo tayari kwa kila aliyezitumia.

La kuuliza ni iwapo onyo hilo lilimfikia mtu aliyekuwa na uwezo wa kuchukua hatua. Historia ya maonyo haya, ambayo sasa imepita miaka 20, ni historia ya kulitafutia swali hilo jibu.

Kwa jumla, onyo la aina hii huwa na manufaa likitimiza masharti matatu: limfikie mhusika, limweleze atumie nini badala ya kinachoondolewa, na muda uliotajwa uheshimiwe. Sharti moja likikosekana, mzigo humwangukia mtu ambaye aghalabu hakuwa na sauti katika uamuzi wowote kati ya hiyo.

Maktaba sanifu ni nini?

Python iliasisiwa na Guido van Rossum, raia wa Uholanzi, alipokuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya CWI jijini Amsterdam. Ilitolewa kwa umma kwa mara ya kwanza mwaka 1991.

Pamoja na lugha yenyewe, mtumiaji hupewa hazina ya zana zilizokwisha kuandikwa: za kushughulikia tarehe, kusoma faili, kutuma barua pepe, kufanya hesabu na kadhalika. Hazina hiyo ndiyo maktaba sanifu, na kila fungu la zana ndani yake huitwa moduli.

Wapenzi wa lugha hii husema kwamba Python huja na betri zake, mithili ya redio ambayo mnunuzi huiwasha papo hapo bila kulazimika kurudi dukani.

Ubora huo una upande wake wa pili. Zana iliyoingizwa katika maktaba katika miaka ya tisini huendelea kutegemewa na watu hata baada ya wakati kuipita. Kuiondoa ni kuharibu programu za watu. Kuiacha ni kujitwisha kazi ya kuitunza daima.

Onyo la kustaafishwa ni njia ya kati baina ya mambo hayo mawili. Zana huendelea kufanya kazi kama ilivyozoeleka, lakini anayeitumia huarifiwa kwamba imepangiwa kuondolewa na kwamba inampasa kuanza kutafuta mbadala.

Muundo wa onyo

Onyo la kawaida lina sehemu nne: jina la faili, nambari ya mstari, aina ya onyo na ujumbe wenyewe.

Mathalani, moduli iitwayo imghdr ilitumika kutambua aina ya picha kwa kuchunguza baiti za mwanzo za faili. Aliyeiagiza akitumia toleo la 3.12 aliarifiwa kwamba imestaafishwa na kwamba itaondolewa katika toleo la 3.13. Ujumbe ulikuwa mfupi na bayana.

Ikumbukwe kwamba onyo si kosa. Kosa husimamisha programu, ilhali onyo huandikwa kando na programu ikaendelea na shughuli zake hadi tamati. Hapa ndipo penye hatari, kwa sababu anayepata majibu sahihi huwa hana haja ya kutazama kilichoandikwa kando.

Ziko aina tatu za maonyo ambazo yafaa kuzitofautisha. Ya kwanza ni DeprecationWarning, inayowalenga waandishi wa programu. Ya pili ni PendingDeprecationWarning, ya jambo linalotarajiwa kustaafishwa siku za usoni lakini ambalo zamu yake haijafika. Ya tatu ni FutureWarning, inayowalenga watu wanaozitumia tu programu zilizoandikwa na wengine.

Tofauti hii si ya majina matupu. FutureWarning huonyeshwa kwa kila mtu bila kuombwa. Ya pili hufichwa kabisa mpaka iwashwe. Hii ya kwanza, ambayo ndiyo inayotumika zaidi, hufichwa mara nyingi na kuonyeshwa mara chache, na sababu za hali hiyo zinahitaji maelezo.

Miaka ya kelele na miaka ya kimya

Mfumo wa maonyo uliingizwa katika toleo la 2.1 la Python mwaka 2001, kufuatia waraka wa mapendekezo ujulikanao kama PEP 230. Nyaraka za PEP ndizo ambazo kwazo mabadiliko makubwa ya lugha hii hupendekezwa, hujadiliwa na kuidhinishwa.

Kwa takriban miaka tisa baada ya hapo, onyo la kustaafishwa lilionekana kwa kila aliyeendesha programu. Karani aliyefungua programu ya ofisini iliyoandikwa na mtu mwingine alijikuta akirushiwa maneno asiyoyaelewa, kuhusu mistari ambayo hakuiandika na wala hakuwa na ruhusa ya kuigusa.

Malalamiko yalikuwa ya haki. Kumwonya asiyeweza kurekebisha ni kumsumbua bure, na kwa kawaida binadamu anayesumbuliwa bure hujifunza kutosikia.

Kwa hiyo, katika toleo la 2.7 la Julai 2010 na la 3.2 la Februari 2011, iliamuliwa kwamba DeprecationWarning ifichwe mpaka mtu aiwashe mwenyewe. Wakati huo huo, zana ya kufanyia programu majaribio iliyomo katika maktaba sanifu, iitwayo unittest, ilifanywa iyaonyeshe maonyo hayo yenyewe.

Fikira iliyokuwapo ilikuwa nzuri: mtumiaji wa kawaida asibughudhiwe, na mwandishi wa programu ayaone maonyo anapoijaribu kazi yake. Upungufu wake ni kwamba uliwafaa waandishi wenye desturi ya kuandika majaribio. Yule aliyejifunza lugha peke yake, akaandika programu ya duka au ya shule na kuikabidhi, hakuona lolote.

Suluhu ya kadiri ilipatikana katika toleo la 3.7 la Juni 2018, kupitia PEP 565. Tangu hapo, onyo la kustaafishwa huonyeshwa iwapo mstari uliolisababisha umo katika faili kuu, yaani ile ambayo mtu ameiendesha moja kwa moja. Likisababishwa na faili nyingine iliyoagizwa na hiyo kuu, hubaki kimya.

Mpango huu humfaa mwanafunzi mwenye faili moja na anayeandika amri mojamoja kwenye skrini. Lakini programu kubwa huwa na makumi ya faili, na ile kuu huwa na mistari michache tu ya kuziita nyingine. Kwa maneno mengine, kadiri programu inavyokuwa kubwa na muhimu, ndivyo maonyo yake yanavyozidi kujificha.

Ahadi iliyoahirishwa

Sharti la muda nalo lina kisa chake, nacho kinahusu moduli iitwayo collections.

Mnamo Septemba 2012, toleo la 3.3 lilizihamisha baadhi ya zana za moduli hiyo, zikiwemo Mapping na Iterable, hadi mahali papya paitwapo collections.abc. Njia ya zamani haikufungwa, ili programu zilizokuwapo zisiharibike.

Onyo la kuonekana lilikuja katika toleo la 3.7 mwaka 2018. Lilisema kwamba njia ya zamani ingekoma kufanya kazi katika toleo la 3.8. Toleo hilo lilipotolewa Oktoba 2019, njia ilikuwa ingali wazi. Toleo la 3.9 lilipotolewa Oktoba 2020, bado ilikuwa wazi. Hatimaye ilifungwa katika toleo la 3.10, Oktoba 4, 2021, yaani miaka tisa baada ya uhamisho.

Sababu ya kuahirisha haikuwa uzembe. Python 2, ambayo haikuwa na mahali hapo papya, ilikoma kuhudumiwa rasmi Januari 1, 2020. Miradi mingi ilikuwa ingali inahudumia watumiaji wa Python 2 na wa Python 3 kwa pamoja, na walezi wa lugha walionelea vyema kuipa muda wa kumalizana na ile ya zamani kabla ya kuiongezea mzigo mwingine.

Huruma hiyo ilikuwa na bei. Aliyelitii onyo la 2018 alifanya kazi mapema, na asiyelitii hakupatwa na lolote mwaka uliofuata, wala ule mwingine. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wasema wahenga, lakini guu lisipovunjika mara ya kwanza na ya pili, neno la mkuu hupungua uzito. Mlango ulipofungwa mwaka 2021, baadhi ya maktaba zilizotegemewa na wengi zilikuwa hazijarekebishwa.

Sera ya sasa imo katika PEP 387, iliyoandikwa mara ya kwanza mwaka 2009 na kuidhinishwa mwaka 2020. Inaagiza kwamba onyo litangulie kwa muda usiopungua matoleo mawili kabla ya kitu kuondolewa. Maadamu Python sasa hutoa toleo jipya kila Oktoba, matoleo mawili ni miaka miwili.

Vilivyoondoka katika 3.12 na 3.13

Toleo la 3.12, lililotolewa Oktoba 2, 2023, liliondoa vitu kadhaa ambavyo muda wake wa kusubiri ulitofautiana mno.

Zana iitwayo SafeConfigParser, ya kusomea faili za mipangilio, ilistaafishwa katika toleo la 3.2 mwaka 2011. Iliondolewa baada ya miaka 12. Moduli ya imp ilistaafishwa mwaka 2014 katika toleo la 3.4, ikaondolewa baada ya miaka tisa. Distutils, iliyotumika kufungasha na kusakinisha programu, ilipewa miaka miwili pekee, kuanzia toleo la 3.10 la mwaka 2021.

Kisa cha distutils chafaa kuzingatiwa. Watu wengi waliotatizika baada ya kuondolewa kwake hawakuwa wamewahi kuliandika jina hilo katika programu zao. Walikuwa wakisakinisha kifurushi cha mtu mwingine, na kifurushi hicho ndicho kilichoitegemea. Onyo lilikuwa likitolewa ndani ya faili zisizo zao, mahali ambapo, kama ilivyoelezwa, hufichwa.

Kundi la moduli 19 lililoondolewa mwaka 2024 lilitokana na PEP 594, waraka ambao kichwa chake kinaziita betri zilizokufa. Ulianza kujadiliwa mwaka 2019 na kuidhinishwa mwaka 2022.

Nyingi kati ya hizo ni kumbukumbu ya kompyuta za zamani. Moduli za aifc na sunau zilisoma faili za sauti za mifumo ambayo haitumiki tena kwa wingi. Nntplib ilikuwa ya kuwasiliana na seva za Usenet, mfumo wa majadiliano uliotangulia wavuti. Telnetlib ilikuwa ya itifaki ya Telnet, ambayo hupitisha hata nywila bila kuzificha.

Moduli ya crypt, ya kuchakata nywila, iliondolewa kwa kuwa mbinu zake zilikuwa za kale na zilitegemea mfumo wa kompyuta husika. Cgi, ambayo ilizisaidia tovuti kusoma fomu zilizojazwa na wageni, iliondolewa kwa kuwa njia hiyo ya kuendesha tovuti imepitwa na nyingine bora.

Kwa nini zisiachwe tu?

Wapo wanaouliza kwa nini zana isiyomdhuru yeyote isiachwe pale ilipo. Jawabu ni kwamba zana isiyotunzwa haiachi kudhuru.

Kila moduli inahitaji mtu wa kuijaribu kila toleo jipya linapoandaliwa, wa kupokea malalamiko na wa kuziba mianya ya usalama. Python hutunzwa kwa kiasi kikubwa na watu wanaojitolea. Saa inayotumika kuitengeneza moduli ya faili za sauti za miaka ya themanini ni saa iliyonyimwa moduli nyingine inayotumiwa na mamilioni.

Lugha ya Java ilichukua mkondo tofauti. Baadhi ya njia za kuunda tarehe kwa kutumia zana yake ya Date zilistaafishwa katika toleo la 1.1 mwaka 1997, na hadi leo zimo. Kwa miaka mingi, kustaafishwa katika Java kulikuwa nasaha tu. Ni katika toleo la 9, mwaka 2017, ambapo Java iliweka alama maalumu ya kutofautisha kinachoshauriwa kisitumike na kile kitakachoondolewa kwa hakika.

Mikondo yote miwili ina hasara zake. Mmoja huiacha maktaba ijae vitu visivyofaa na kumchanganya anayejifunza. Mwingine humlazimisha kila mwenye programu kurudi kwenye kazi aliyodhani ameimaliza.

Saa tatu zinazopotea Nairobi

Si kila onyo linahusu kitu kilichochakaa. Mengine hufichua kasoro ambayo tayari imo ndani ya programu. Mfano mzuri ni amri ya utcnow katika moduli ya datetime, iliyostaafishwa katika toleo la 3.12.

Amri hiyo hutoa saa ya dunia, yaani UTC. Tatizo ni kwamba jibu lake halibebi alama yoyote ya kuonyesha kwamba ni saa ya UTC. Sehemu nyingine za moduli hiyo hiyo, zikipokea saa isiyo na alama, huichukulia kuwa ni saa ya mahali kompyuta ilipo.

Nairobi iko saa tatu mbele ya UTC. Tuseme ni saa sita mchana jijini. Amri ya utcnow itajibu kwamba ni saa tatu asubuhi, na itakuwa imesema kweli. Lakini jibu hilo likigeuzwa kuwa muhuri wa wakati kwa amri ya timestamp kwenye kompyuta iliyowekewa saa za Nairobi, litachukuliwa kuwa saa tatu asubuhi ya Nairobi. Saa tatu zitakuwa zimepotea, na hakuna kosa litakaloonyeshwa.

Athari yake yaweza kuwa kubwa. Malipo yaliyofanywa saa saba na nusu usiku wa kuamkia Julai 1 yatawekewa muhuri wa saa nne na nusu usiku wa Juni 30. Kwa kuwa mwaka wa fedha wa Serikali ya Kenya hukamilika Juni 30, malipo hayo yatakuwa yameingia katika mwaka mwingine wa hesabu.

Isitoshe, kasoro hii hujificha kwa hila. Seva nyingi huwekewa saa za UTC, na huko programu hiyo hiyo hutoa majibu sahihi. Inapohamishwa hadi kwenye kompyuta ya ofisini Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, ambako saa ni moja, ndipo huharibika.

Onyo la toleo la 3.12 linashauri kutumia amri ya now pamoja na ukanda wa saa uliotajwa wazi. Linasema pia kwamba utcnow itaondolewa katika toleo la baadaye, bila kulitaja toleo lenyewe. Anayelichukulia kuwa onyo la mbali huenda tayari anapoteza saa tatu kila siku.

Yafaa kutahadharisha kwamba badiliko hilo halifanywi kwa kubadilisha neno moja na kuondoka. Python hukataa kulinganisha saa yenye alama ya ukanda na isiyo nayo ili kujua ipi imetangulia. Rekodi za zamani zisizo na alama zisipotengenezwa, programu itakwama ikizikutanisha na mpya.

Anayeachiwa mzigo

Fikiria shule iliyomwajiri kijana kuiandikia programu ya kupokea taarifa za karo kupitia ukurasa wa tovuti. Anatumia moduli ya cgi kwa kuwa ndiyo iliyofundishwa katika kitabu alichokuwa nacho. Programu inafanya kazi vyema, analipwa ujira wake na kwenda zake.

Miaka inapita. Seva inapandishwa hadi toleo la 3.11, kisha 3.12. Kila mzazi anapojaza fomu, Python hutoa onyo. Lakini programu za tovuti hazina skrini ya kuandikia. Onyo huishia katika faili ya kumbukumbu za seva, ambayo hakuna anayeifungua maadamu mambo yanaenda.

Kisha kompyuta inaharibika, mpya inanunuliwa, na toleo la 3.13 linasakinishwa. Ukurasa wa karo unakufa siku hiyo hiyo, na anayeulizwa ni mhasibu.

Katika kisa hiki onyo lilitolewa, likataja mwaka wake kupitia nambari ya toleo, na muda ukaheshimiwa. Kilichokosekana ni msikilizaji. Hakuna sera ya Amsterdam wala ya kwingineko inayoweza kuijazia shule hiyo pengo hilo. Linajazwa na wenye programu wenyewe.

Jinsi ya kuyasikia maonyo

Hatua ya kwanza ni kuyawasha. Ikiwa faili kuu ni malipo.py, amri ya python -W default malipo.py huonyesha maonyo yote, yakiwemo yale ya faili zilizoagizwa. Kila onyo huandikwa mara moja kwa kila mstari unaohusika, hivyo skrini haifuriki.

Njia nyingine ni kuiendesha programu kwa python -X dev, ambayo huwasha maonyo pamoja na ukaguzi mwingine wa ziada. Palipo na seva, mpangilio wa mazingira uitwao PYTHONWARNINGS hufanya kazi ya -W bila kubadilisha amri inayoianzisha programu.

Hatua ya pili ni kuyageuza maonyo kuwa makosa wakati wa majaribio. Amri ya python -W error malipo.py huisimamisha programu kwenye onyo la kwanza. Hatua hii haifai kwenye programu inayohudumia watu, lakini kwenye meza ya fundi humzuia asiahirishe.

Hatua ya tatu ni kuyagawa maonyo katika mafungu mawili: yanayotoka katika faili zako na yanayotoka katika maktaba za watu wengine. Ya kwanza yatengenezwe. Kwa ya pili, angalia kwanza iwapo maktaba husika ina toleo jipya, kwani huenda mwenyewe amekwisha kuyarekebisha. Asipokuwa ameyarekebisha kwa miaka kadhaa, hiyo nayo ni ishara kwamba maktaba hiyo imeachwa bila mlezi.

Hatua ya nne inawahusu wanaowaandikia wengine zana. Anayetaka kustaafisha amri yake anapaswa kuweka kipimo cha stacklevel, ili onyo lielekeze kwenye mstari wa aliyeiita amri hiyo na si ndani ya maktaba. Onyo linaloelekeza mahali pasipohusika humpotezea msomaji wakati na, kwa utaratibu wa faili kuu, huenda lisionekane kabisa.

Tangu toleo la 3.13 ipo pia alama ya warnings.deprecated, iliyotokana na PEP 702, ambayo huwekwa juu ya amri inayostaafishwa. Faida yake ni kwamba zana za kukagua maandishi ya programu huweza kuitambua kabla programu haijaendeshwa. Mwandishi huonywa angali akiandika, naye ndiye hasa mwenye uwezo wa kubadilisha.

Kwa asiyeweza kuhama sasa

Wapo ambao hawana fundi wala fedha za kurekebisha programu kwa wakati huu. Kwao upo muda, ingawa una mwisho.

Kila toleo la Python hupewa marekebisho ya usalama kwa kipindi cha miaka mitano hivi tangu litolewe. Toleo la 3.11, la mwisho kuwa na distutils na imp, limepangiwa kuhudumiwa hadi Oktoba 2027. La 3.12, la mwisho kuwa na cgi na wenzake, limepangiwa hadi Oktoba 2028. Kubaki huko kwa sasa ni halali mradi kuwe na mpango wa kuondoka.

Aidha, baadhi ya moduli zilizoondolewa zimechapishwa upya na watu binafsi katika hifadhi ya vifurushi ya PyPI, na huweza kusakinishwa kama kifurushi kingine chochote. Hilo huondoa kosa, lakini halirejeshi ulezi uliokuwapo. Anayechukua njia hiyo anapaswa kujua ni nani anayekitunza kifurushi hicho na kwa muda gani.

Vyovyote iwavyo, jambo la kufanya wiki hii halina gharama. Iendeshe programu mara moja maonyo yakiwa yamewashwa, uyaandike yote katika orodha, na kando ya kila moja uandike toleo ambamo kitu hicho kitaondolewa. Orodha hiyo iachwe mahali ambapo atakayekuja baada yako ataikuta.